Kebo moja tu kwenye laptopu: nilivyoondoa nyaya sita mezani, na mambo niliyojifunza stima ilipokatika

BintiTororo, Jumamosi, saa 3 usiku

Habari zenu ndugu. Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika, na karibu kila kifaa kilicho mezani kwangu nilikinunua kwa ushauri wa watu wa hapa. Leo nami nilete changu, huenda kikamsaidia mtu asipitie nilikopita.

Mimi ni mfasiri, Kiswahili, Kiingereza na Luganda. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kazi zimenijia kwa wingi kuliko zamani, namshukuru Mungu. Siku tatu kwa wiki niko ofisini mjini, siku nyingine nafanyia nyumbani Kyaliwajjala, kwenye meza ambayo jioni watoto wanaitaka kwa kazi za shule. Kwa hiyo laptopu inaondoka mezani na kurudi hata mara nne kwa siku.

Nyaya zilikuwa sita: chaja, HDMI ya monita, kibodi, kipanya, diski ya nje ninayohifadhia kazi, na waya wa mtandao kutoka kwenye ruta. Sita kuchomoa, sita kuchomeka. Baada ya mwaka na nusu tundu la HDMI likalegea, picha ikawa haiji mpaka niushikilie waya kwa mkono. Fundi alinieleza kuwa tundu lile limechomelewa kwenye bodi kuu, kwa hiyo kulibadilisha ni kuifungua mashine nzima.

Hata hivyo si tundu lililonisukuma. Mimi nimezaliwa Tororo. Kwetu kati ya mwaka 1967 na 1976 zilihesabiwa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa wastani. Mama yangu wingu likianza kujikunja juu ya mwamba wa Tororo alikuwa anapita chumba kwa chumba akichomoa kila kitu, redio, pasi, hata taa ya mezani. Tabia hiyo nimeirithi, na Kampala hii ya karibu na ziwa nayo radi zake mnazijua. Sasa nyaya zikiwa sita unachomoa chaja ukutani, unasahau waya wa mtandao. Radi ikipiga karibu, ule waya wa mtandao ni njia kama njia nyingine. Nilitaka kitu kimoja cha kuchomoa, mashine ibaki haijagusana na chochote.

Laptopu yangu ni ThinkPad T480 ya mtumba. Ina matundu mawili ya USB-C, na yote mawili yanapokea chaji na kutoa picha. Hapo ndipo pa kuanzia, na najua watu wengi watauliza, kwa hiyo niseme mapema: tundu la USB-C lina pini 24 na linaweza kupitisha moto wa kuchaji, picha na data kwa pamoja, lakini *linaweza* tu. Zipo laptopu zenye tundu hilohilo kwa umbo, ila ndani limeungwa kwa ajili ya data peke yake. Hiyo hata ununue doki (kile kisanduku cha mezani cha kuunganishia vifaa vyote) ya milioni haitakupa picha wala chaji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua habu ndogo ya shilingi 95,000, zile za kubanwa kiganjani. Chaja yako unaichomeka kwenye habu, habu inaingia kwenye laptopu kwa kebo yake fupi, na vitu vingine vyote vinaning'inia kwenye habu. Siku tisa nilikuwa na raha. Meza imekuwa nyeupe, watoto wanasogeza laptopu wenyewe.

Siku ya kumi stima ikakatika. Laptopu ina betri, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kumbe habu ile, moto wa chaja ukipotea, inabidi ianze upya mazungumzo na laptopu: nani sasa anampa nani umeme? Katika nukta hiyo vyote vilivyochomekwa vinakatika na kurudi. Kibodi ikikatika sekunde mbili hainidhuru. Diski ya nje ilikuwa katikati ya kuandika. Faili la kurasa arobaini nililokuwa nimelifungua humo likagoma kufunguka tena. Nakala niliyokuwa nayo kwenye barua pepe ilikuwa ya siku mbili nyuma. Nilikaa macho usiku mbili kurudia kazi ile, na mteja hakujua kitu, lakini mimi nilijua.

Kwa hiyo wale mnaoishi kwenye stima ya kuja na kuondoka, shikeni hili: habu inayotegemea chaja iliyochomekwa juu yake, stima ikikatika ni sawa na mtu amekuja akavuta kebo.

Sasa nina doki kamili yenye adapta yake, Dell WD19 ya mtumba, shilingi 320,000 pamoja na adapta ya wati 180. Kwa laptopu isiyo ya Dell inatoa hadi wati 90, na T480 yangu chaja yake ya kawaida ni ya wati 65, kwa hiyo inatosha na kubaki. Ila doki nayo stima ikienda inazima! Nimeona watu wanadhani doki ikiwa kubwa tatizo limeisha. Halijaisha mpaka uweke UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme stima ikikatika. Nimechukua ya VA 650, nimeichomekea doki, monita na ruta. Stima ikienda hakuna kinachotikisika. Naona tu taa ya sebuleni imezima.

Na UPS imenifunza kitu. Mwanzo ilidumu dakika kumi na moja tu, nikadhani nimeuziwa betri iliyochoka. Kumbe siku ile laptopu ilikuwa imefika mezani na asilimia 20, na doki ilikuwa inaichaji kwa nguvu zote kutoka kwenye betri ya UPS. Betri inalisha betri. Siku laptopu ikiwa imejaa, UPS ileile inanifikisha dakika ishirini na tano. Sasa stima ikikatika na laptopu haijajaa, nafunga faili lililo kwenye diski, naitoa diski kwa utaratibu, nachomoa kebo ya doki. Naendelea na betri ya laptopu, UPS inaishikilia ruta.

Picha za meza sitaweka, watoto wamelala na vitu vyao viko juu yake. Ulizeni.

---

MwalimuMbale, Jumamosi, saa 4 usiku

Asante sana dada kwa maelezo haya, na pole kwa kurasa arobaini. Mimi nafundisha, na usiku natengeneza mitihani. Nina HP EliteBook 840 G1, bado ina nguvu. Haina hilo tundu la USB-C. Je, kuna kigeuzi cha kuniwezesha kufanya kebo moja? Muuzaji mmoja hapa mjini amenionyesha kidude cha kugeuza USB ya kawaida kuwa USB-C, anasema kitafanya kazi.

---

FundiKampalaKati, Jumamosi, saa 5 usiku

Mwalimu, usinunue. Kile kidude kinabadilisha umbo la tundu tu. USB ya kawaida ya kwenye G1 haina njia ya kutoa picha ya DisplayPort wala ya kupokea chaji, na umbo jipya haliongezi njia ambazo hazipo kwenye bodi.

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza, laptopu za ukoo huo zilitengenezewa doki zake maalumu, doki unaisukumia ubavuni mwa mashine inashikana nayo. Zinapatikana mtumba kwa bei ya chini kwa sababu ofisi nyingi zimezitoa. ThinkPad za zama hizo nazo ni vivyo hivyo, T440 hadi T470 zina doki ya kupachika kwa chini. Hiyo ni bora kuliko hata kebo moja, ni sifuri. Ya pili ni doki ya DisplayLink inayotumia USB 3 ya kawaida: hiyo inasafirisha picha kama data, na programu ndani ya laptopu ndiyo inayofanya kazi ya kuitengeneza. Utahitaji kuweka draiva, prosesa itatoka jasho kidogo, na chaja itabaki na waya wake. Kebo mbili basi. Kwa mitihani na Excel inatosha kabisa.

Kwa wengine wote: nendeni dukani na laptopu yenu mkononi. Angalia alama pembeni ya tundu. Alama ya radi ndogo ni Thunderbolt, hiyo inabeba picha na data, na mara nyingi chaji pia. Herufi kama D yenye P ndani yake ni picha. Alama ya plagi ni chaji. Watengenezaji wengine hawachori chochote, kwa hiyo ujaribu kwa macho: chomeka chaja ya USB-C ya wati 65 uone kama inachaji, kisha chomeka monita uone kama picha inakuja. Dakika tano. Mwenye duka akikukataza kujaribu, hamia duka la jirani, mtaa mzima wanauza.

---

Kijana_Najjera, Jumapili, saa 1 asubuhi

Nimeamka nikanunua... hapana, nilinunua wiki jana kabla ya uzi huu, na nimekwama. Laptopu ni Latitude 7490, doki inachaji vizuri, kibodi inafanya kazi, picha hakuna kabisa. Doki yangu kebo yake inatoka, haijashikana, na muuzaji alinipa bila kebo. Nimetumia kebo ya simu yangu. Nirudishe doki?

---

FundiKampalaKati, Jumapili, saa 2 asubuhi

Usirudishe bado. Ni kebo.

Kebo nyingi za simu ni USB 2.0 ndani, hata kama pande zote mbili ni USB-C. Zina waya za umeme na waya mbili za data za mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde, basi. Zile njia nne za kasi ambazo picha hupitia hazimo. Ndiyo maana kibodi inakubali na monita inakataa.

Tafuta kebo iliyoandikwa gigabiti 10, au 20, au 40. Urefu mita moja au chini yake, maana kebo ya kawaida ya gigabiti 10 ikipita mita moja huanza kuyumba. Kwa umeme vilevile: kebo isiyo na chipu ya utambulisho inaruhusiwa ampea 3 tu, yaani wati 60 kwenye volti 20. Ukitaka wati 100 lazima iwe kebo ya ampea 5 yenye chipu hiyo. Mtu ananiletea laptopu anasema doki haichaji sawasawa, namwambia lete kebo, tunabadilisha, anarudi nyumbani.

---

Kijana_Najjera, Jumapili, saa 9 alasiri

Picha imekuja!! Kebo ya gigabiti 10, shilingi 45,000. Asante sana mzee. Nilishafikiri nimeibiwa.

---

Auma_Michoro, Jumapili, saa 10 jioni

Mimi nachora nembo na mabango, nina MacBook Air M1. Nimenunua doki yenye HDMI mbili nikitegemea monita mbili. Zote mbili zinaonyesha kitu kimoja. Dukani tulipojaribu kwa laptopu yao ya Windows kila monita ilikuwa na picha yake. Doki ni nzima. Nifanyeje jamani? Nimeshatumia pesa.

---

FundiKampalaKati, Jumapili, saa 12 jioni

Dada Auma pole, hapa ndipo wengi huumia. Mambo mawili yamekutana. Doki yako inagawa picha kwa njia iitwayo MST, Windows wanaielewa, macOS haiitumii kutanua skrini, inarudia picha ileile. Na hata ungeleta doki ya Thunderbolt, chipu ya M1 iliyo ndani ya Air yako inaendesha monita moja tu ya nje. M2 ya kawaida pia. Air ya M3 inaendesha mbili ukifunga mfuniko wa laptopu, M4 inaendesha mbili na mfuniko ukiwa wazi.

Kwa M1 njia iliyopo ni doki au adapta ya DisplayLink kwa ile monita ya pili. Utaweka programu yake, Mac itaomba ruhusa ya kurekodi skrini, ukubali, ndivyo inavyofanya kazi. Video za kulipia zenye ulinzi hazitaonekana ukiwa unaitumia. Kwa kazi ya rangi, weka mchoro wako kwenye monita iliyo kwenye njia ya kawaida, ile ya DisplayLink iwe ya barua pepe na mafaili, kwa sababu picha yake inabanwa kabla ya kusafirishwa.

Doki uliyonayo usiiuze kwa hasara. Inachaji, ina mtandao, ina monita moja. Ongeza adapta tu.

---

Auma_Michoro, Jumapili, saa 2 usiku

Nimeelewa sasa. Dukani hakuna aliyeniuliza nina laptopu gani.

---

Nalubaale_Jinja, Jumatatu, saa 1 usiku

Niongeze la sisi wa sola. Nina betri ya volti 12, saa-ampea (Ah) 100, ya madini ya risasi kama ya gari. Kwa hesabu ni saa-wati 1,200, ila betri ya risasi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nina 600 za kutumia. Mwanzo nilikuwa nageuza volti 12 kuwa 240 kwa inveta, halafu chaja ya laptopu inageuza 240 kurudi kuwa 20. Kila mgeuzo unakula, na inveta inakula hata ikiwa imekaa tu.

Nikaacha. Nimeweka chaja ya USB-C ya gari, ya wati 65, moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Laptopu inachaji bila inveta. Monita nikauza, nikanunua ile nyembamba ya kubebeka, inayopata picha na umeme kutoka kwa laptopu kwa kebo moja ya USB-C, inatumia kama wati 8 hivi. Meza yangu ina nyaya mbili na usiku kucha nafanya kazi. Kwa mtu wa kijijini kusikofika stima hii ni njia nzuri kuliko doki kubwa, doki kubwa zinataka adapta ya ukutani.

Fyuzi msisahau. Betri ya risasi nyaya zikigusana inachoma nyumba.

---

BintiTororo, Jumatatu, saa 3 usiku

Kaka wa Jinja, hili sikulifikiria kabisa. Mama yangu yuko kijijini na ana sola. Nikienda Desemba nataka nifanye kazi kule bila kuwasha jenereta ya jirani. Hiyo chaja ya gari, je, betri ikishuka hadi volti 11 na kitu inaendelea?

---

Nalubaale_Jinja, Jumatatu, saa 4 usiku

Ya kwangu inaendelea, lakini wewe usiifikishe huko dada. Ikigusa 12.1 hivi bila kitu kizito kuchomekwa, hiyo ni karibu nusu tayari, pumzisha. Kontrola ya sola yenye kukata yenyewe ni bora, unaunga chaja kwenye upande wake wa mzigo kama uwezo wake unaruhusu. Angalia ampea: wati 65 kwenye volti 12 ni karibu ampea 5.4, na ukihesabu kinachopotea ni karibu 6.

---

MzeeWaMalaba, Jumanne, saa 2 asubuhi

Wanangu, nimesoma vyote. Nina swali la mtu mzima. Mkiweka kila kitu kwenye kidude kimoja, kidude kikifa asubuhi ya kazi mtafanya nini? Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani, lori likisubiri karatasi sina dakika ya kutafuta fundi.

---

BintiTororo, Jumanne, saa 7 mchana

Shikamoo mzee. Swali lako ni zito na nililiwaza. Chaja ya asili ya laptopu sikuiuza, iko kwenye droo pamoja na waya mmoja wa HDMI kuukuu na kigeuzi chake kidogo cha USB-C. Doki ikifa nachomeka hivyo viwili, kibodi na kipanya vinaingia kwenye laptopu moja kwa moja, narudi nilikotoka kwa dakika tatu. Kwa kazi yako ya mpakani ningeongeza kitu kimoja: usitegemee mtandao wa kwenye doki peke yake, Wi-Fi ya laptopu iwe imeshaunganishwa na simu yako kabla ya siku ya shida.

Na kwa radi, mzee, huko Malaba hamko mbali na kwetu. Nikisikia mngurumo wa kwanza nachomoa kebo ya doki kwenye laptopu, halafu plagi ya UPS ukutani, halafu waya wa mtandao nyuma ya ruta. Laptopu nabaki nayo mapajani.

---

MzeeWaMalaba, Jumanne, saa 8 mchana

Marahaba mwanangu. Hapo nimeridhika.

---

Kijana_Najjera, Alhamisi, saa 3 usiku

Samahani tena. Kila kitu kinafanya kazi ila kipanya changu kisicho na waya kinarukaruka. Kikiwa kwenye laptopu kilikuwa sawa. Ni kwenye doki tu, na hasa nikinakili vitu kwenye diski ya nje.

---

FundiKampalaKati, Alhamisi, saa 4 usiku

Kile kijipokezi chako umekichomeka karibu na diski. USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, na kipanya chako kinaongea humohumo. Intel waliliandikia hilo tangu 2012. Nunua waya mfupi wa kurefusha USB, toa kijipokezi nyuma ya doki kiweke juu ya meza karibu na mkono. Au kichomeke kwenye tundu la USB la monita. Kitatulia.

---

MwalimuMbale, Jumamosi, wiki tatu baadaye, saa 11 jioni

Nimerudi na taarifa. Ile G1 nimempa mdogo wangu aliye chuoni, nami nimepata EliteBook 840 G5 ya mtumba. Badala ya doki nimenunua monita ya Dell P2419HC, nayo ni mtumba, ina USB-C ndani yake: inatoa wati 65 za chaji, inapokea picha, na nyuma ina matundu ya USB ya kibodi na kipanya. Kebo moja, na doki sikuihitaji. Haina tundu la waya wa mtandao, lakini mimi natumia Wi-Fi.

Nilienda dukani na laptopu mkononi kama fundi alivyosema. Monita ya kwanza waliyonipa ilikuwa inachaji lakini picha inazima kila baada ya dakika moja. Nikaomba kebo nyingine, fupi. Ikatulia. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akaiandikia ile kebo ndefu kwa kalamu, "chaji tu", akairudisha kwenye kasha lake.

UPS bado. Mwisho wa mwezi.